Mgeni wa Uroa

Muhiddin alipofungua maktaba asubuhi ile, alikuta kiti cha karibu na dirisha kimevutwa tena, na juu yake pametuama maji. Alichovya kidole akaonja. Yalikuwa ya chumvi.

"Paa linavuja," alijiambia, ingawa ilikuwa kaskazi na mvua haikuonekana hata kwa dawa. Akakifuta kiti, akaanza kupanga magazeti huku akiuimba wimbo wake chini kwa chini.

Wimbo wenyewe ndio uliokuwa balaa. Muhiddin aliyapenda mambo ya kale kuliko wali wa nazi: santuri zilizokwaruzika, picha za sinema, nyimbo walizoimba bibi zetu. Alikuwa amekwenda Uroa kwa Bi Sichana, mganga wa ngoma za pepo, akambembeleza mpaka akamwimbia wimbo wa jini la bahari ya huko.

"Huu si wa kuchezea, mwanangu," Bi Sichana alimwonya. "Huu wa kumwita mwenyewe. Ukimwita, mfukizie udi, umwambie karibu."

Muhiddin aliitikia naam, naam, huku moyoni anacheka. Aliporudi mjini aliwafunza vijana wa klabu ya taarabu, wakautia fidla, ukapendwa, na mtaa mzima wa Jang'ombe ukawa unaupiga mluzi. Kichwa kikamvimba.

Aliyelipa ni mkewe, Mwanakheir. Alasiri moja Muhiddin alipanda ngazi za nyumba yake anauimba wimbo ule chini kwa chini, na kabla hajavua viatu akanusa mwani uliooza, akaona nyayo za maji zimetoka mlangoni zikapita sebuleni zikaingia chumbani, akazifuata, na mwisho wa nyayo zile akamkuta mkewe kakaa kitako sakafuni, nywele zinamchuruzika maji, macho yamemgeuka meupe.

"Nimeitwa, nikaja," alisema Mwanakheir kwa sauti nzito ya kiume. "Nikaitwa tena, nikaja. Nimekaa kitini kwako kama ombaomba, hata karibu sikuambiwa. Ndiyo adabu ya mjini hiyo? Wewe ndiye uliyenileta, basi kila nikiitwa, ntakuja kwako. Na huyu ntamla taratibu, uone."

Kweli alimla. Mwanakheir alikonda hata bangili zikamvuka, na kila chakula alichotia mdomoni alikitapika kikiwa mchanga. Muhiddin alimpenda mkewe kuliko santuri zote za dunia, na sasa alijichukia.

Bi Sichana aliletwa, naye hakuficha hasira zake.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Nshakwambia, hukusikia. Msiba wa kujitakia hauna kilio." Kisha akanong'ona, "Hebu niambie kweli. Wimbo ule umemfunza nani mwengine?"

Muhiddin alimtazama mkewe kitandani. Aliona haya, akaogopa pia kwamba bibi atafunga kanga zake arudi Uroa.

"Sikumfunza mtu," alisema. "Mimi tu."

Basi udi ukafukizwa, marashi yakanyunyizwa, sinia la halwa likawekwa. Muhiddin alipiga magoti. "Karibu, bwana. Nimekosa. Nisamehe."

Jini lilikula halwa yote kwa mkono wa Mwanakheir, likalamba vidole.

"Natoka," lilisema. "Lakini akiniita tena mtu yeyote bila ya kunikirimu, ntarudi, na huyu mwanamke hamtompata tena."

"Wallahi, hutoitwa!"

Mwanakheir alianguka, kisha akafumbua macho. "Bwana, nna kiu," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Muhiddin alilia kwa furaha kama mtoto, akamshikisha bilauri ya maji. Bi Sichana akawa anakusanya vitu vyake.

Chini uchochoroni kengele ya baiskeli ikalia. Kijana mmoja alikuwa anapita, na alikuwa anaupiga mluzi wimbo ule ule. Muhiddin alikimbilia dirishani. "Nyamaza! Nyamaza, we!" alipiga kelele, lakini kijana alidhani anashangiliwa, akazidisha mluzi.

Bi Sichana alimkodolea macho Muhiddin. Nyuma yao bilauri ilianguka ikavunjika, na harufu ya mwani ikajaa chumba.

"Naam," Mwanakheir aliitika, kwa sauti nzito.