Mji Ambao Chiriku Hakuutembea

Kila Ijumaa asubuhi, darasa la sita lilikuwa na dakika kumi za habari. Mwanafunzi mmoja alisimama mbele na kusimulia jambo aliloliona mwenyewe wiki hiyo. Aliyeipenda zaidi zamu hiyo ni msichana waliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Aliketi dawati moja na Miwani, rafiki yake, ambaye macho yake yalikuwa hafifu hata akivaa miwani yake mizito. Chochote kilichokuwa mbali, Chiriku alimnong'onezea: maandishi ya ubaoni, mpira ulipofika uwanjani, hata nani amesinzia.

Muhula wa pili, Chiriku alipata ruhusa ya wiki mbili kwenda na mama yake kumtembelea baba, aliyekuwa fundi wa lifti katika mji mmoja mkubwa wa Asia. Mwalimu wa darasa akamwita.

"Ijumaa tutasubiri habari zako," alisema. "Rekodi sauti kwa simu ya mama, unitumie, tuisikilize darasani."

"Mwalimu, dakika kumi hazitanitosha," Chiriku alijibu, na darasa zima likacheka.

Safari ilikuwa ndefu. Walipanda ndege mbili, wakala mara tatu bila kujua kama ni chakula cha mchana au cha usiku, na walipotua Jumatano asubuhi, miguu ya mama ilikuwa imevimba hata viatu vikagoma kuingia. Baba aliwapokea akiwa na sare yake ya kazi, akawapeleka nyumbani kwake, ghorofa ya kumi na moja. Lifti ilipoanza kupanda, Chiriku alihisi tumbo lake limebaki chini. Alimkumbatia baba kiunoni, akafumba macho, na mlango ulipofunguka akaapa moyoni kwamba sanduku lile halimpati tena.

Baba akaenda kazini, mama akalala kupumzisha miguu, na Chiriku akabaki dirishani. Alhamisi ikapita vivyo hivyo. Mama alipotaka washuke kununua matunda, Chiriku alisema bado ana uchovu wa ndege. Huko chini magari yalifuatana kama viberiti, na watu walitambaa kama mchwa wenye miavuli. Kioo kilikuwa kinene, hakikupitisha sauti hata moja.

Jioni akaikumbuka ahadi yake. Alichukua simu ya mama, akasafisha koo.

"Hamjambo, darasa la sita. Mji huu nimeuzunguka hadi nyayo zinawaka moto. Barabara zinang'aa kama vioo, na hakuna kelele hata kidogo. Nimevuka peke yangu barabara pana kuliko uwanja wetu wa mpira."

Akatuma, akajiona mjanja.

Ijumaa mchana jibu likaja. Ilikuwa sauti ya Miwani.

"Chiriku, nimesikia kuna miji ambako taa za kuvukia barabara hutoa sauti, ili asiyeona vizuri ajue wakati wa kuvuka. Huko zipo? Zinaliaje? Mwalimu anasema tunaweza kuiandikia halmashauri barua, tuombe tuwekewe moja mbele ya shule, ila lazima tueleze vizuri tunachoomba. Wenzangu walitaka kubahatisha, nikawaambia wasubiri. Chiriku yuko huko, ataniambia kweli."

Chiriku aliisikiliza mara mbili. Alifikiria kusema zinalia kama kengele. Akafungua mdomo, kisha akaiweka simu mapajani.

Baba aliporudi alimkuta amekaa na simu mapajani.

"Leo chiriku amenyamaza," alisema. "Kuna nini, mwanangu?"

Chiriku akamwaga yote, huku machozi yakimlengalenga.

"Kumbe ule uchovu wa ndege ulikuwa woga wa lifti," mama alisema kutoka kitini.

Baba alijitahidi asicheke, akashindwa. "Mtoto wa fundi lifti anaogopa lifti. Naomba mkubwa wangu asisikie." Kisha akamshika bega. "Kuogopa si kosa. Mimi siku yangu ya kwanza kazini nilitetemeka hadi spana ikanidondoka. Kosa ni kuuficha woga kwa uongo. Kesho nina mapumziko, twende ukajionee."

Jumamosi, wakiwa na mama mbele ya mlango wa lifti, baba alimweleza kwamba juu kuna nyaya sita za chuma, na mmoja tu ungetosha kuwabeba wote watatu. "Hesabu ghorofa," alisema. Chiriku alihesabu akiwa amefumba macho. Walipofika ya nne, akayafungua.

Nje, kelele zilimpokea kama maji ya ndoo: honi, pikipiki, redio za madukani, watu wakiitana kwa lugha asiyoelewa hata neno moja. Joto lilikuwa la unyevunyevu. Maandishi ya mabango yalijikunja kama mizizi. Hatua ya tano, akatumbukiza mguu kwenye dimbwi, soksi ikalowa chepechepe.

Kwenye kivuko palikuwa na nguzo, na nguzo ililia. Chiriku aliinua simu karibu nayo. Muuza miavuli aliyekuwa kando alimtazama, akaelewa bila kuulizwa, akazima redio yake na kumwashiria aendelee.

"Miwani, na ninyi wote," Chiriku alianza, "habari nilizowatumia mwanzo zilikuwa za uongo. Sikuwa nimetoka ndani, niliogopa lifti. Barabara hazing'ai, na soksi yangu ni shahidi. Kelele ni nyingi. Sasa sikilizeni taa. Ikiwa nyekundu inalia polepole: ko, ko, ko. Ikiwa ya kijani inakimbia: kokokoko. Miwani, naomba unisamehe."

Jumatatu jibu likafika. Darasa lilicheka sana habari ya soksi. Miwani alisema, "Nimekusamehe. Mara ya kwanza nilisikia maneno tu. Sasa nimeuona huo mji. Barua tumeshaianza."

Mwisho akaja mwalimu, sauti yake ikiwa ya upole.

"Chiriku, tungeuamini ule uongo na kuandika kwenye barua kwamba huko hakuna kelele hata kidogo, shule nzima ingeaibika. Umeurekebisha mapema, na umefanya hivyo mwenyewe, nakupongeza. Ila kumbuka jambo hili: kusimulia ni kumshika mtu mkono. Usimpitishe mwenzio mahali ambapo wewe mwenyewe hujakanyaga."