Siku Niliyomsingizia Marjorie

Habari hii alinisimulia kwanza Bi Hilda Entwistle, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Preston, mwenye miaka themanini na tisa. Ndiye hunishikia mwanangu Tilly ninapokwenda kufanya usafi shuleni. Alikuwa akimenya viazi, na kisu alinielekezea mimi.

"Usimwambie mtu mpaka nizikwe, Leanne. Umesikia? Mpaka nizikwe."

Nikaapa.

Bi Hilda alikuwa mfumaji wa pamba. Mle kiwandani mashine zilinguruma kiasi kwamba hata ungepiga yowe sikioni mwa mtu asingekusikia. Kwa hiyo wanawake walisemezana kwa midomo, bila sauti, kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili. Walisengenyana hivyo, walitukanana hivyo, walipeana mapishi hivyo. Adabu yao ilikuwa moja: mwenzako akikusemesha, humpi mgongo. Kumpa mgongo ni sawa na kumziba mdomo.

Mwaka wa 1957 Marjorie Pilling, wa mashine za jirani, alitangazia ukumbi mzima kwamba Bi Hilda ameachwa na mchumba. Siku mbili baadaye mkanda wa mashine ulinasa nywele za Marjorie. Alimtazama Bi Hilda, aliyekuwa karibu na mkono wa kuzima mashine, akasema kwa midomo:

Hilda, zima.

Bi Hilda alisoma kila neno. Akampa mgongo.

"Pumzi mbili tu," aliniambia. "Nilitaka aonje kidogo. Nilipogeuka..."

Akarudi kwenye viazi vyake. Marjorie alikufa pale pale.

Sasa, maktaba yetu ina mkutano wa kumbukumbu kila Jumatano. Wazee huleta picha, husimulia Preston ya zamani, na Gaynor, msimamizi, huwarekodi ili jiji lihifadhi simulizi zao. Mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili ya joto na chai. Sikuwahi kufungua mdomo.

"Leanne, mpenzi," Gaynor akasema Jumatano ile, "wiki ya sita hii unakula biskuti zetu bure. Leo zilipie kwa hadithi."

Wakacheka. Wote wakanitazama. Mimi huona haya hata kuuliza bei dukani, na nilitaka, mara moja tu, kuwa mtu mwenye kitu cha kusema.

Nikasimulia habari ya Marjorie.

Lakini nilikumbuka wema wa Bi Hilda, nikaigeuza. Nilisema Hilda alimwonya Marjorie kwa midomo, jihadhari na mkanda, na Marjorie kwa jeuri yake akampa mgongo.

"Ndiye yeye!" akasema mzee mmoja, Ronnie. "Marjorie Pilling! Kichwa kigumu kuliko tofali. Kajitakia!"

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Kinasa sauti kilikuwa kinawaka.

Jioni ile nilitoka kununua maziwa na nepi. Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja tu, na giza lilikwisha kuingia. Tilly alikuwa analia kwenye kigari, kilio cha njaa. Nikakata njia kupitia kile kiwanda cha akina Bi Hilda, ambacho siku hizi ni nyumba za kupanga.

Kwanza ilikuja harufu. Mafuta ya mashine, na pamba yenye unyevu.

Kisha sauti, chini ya miguu yangu. Traka... traka... traka...

Mwanamke alisimama mlangoni. Nyuzi za pamba zilikuwa zimemkaa mabegani kama theluji. Midomo yake ilikuwa inakwenda, polepole, kama mtu anayemsemesha mjinga. Sauti haikutoka. Mimi sijui kusoma midomo.

Lakini jina langu nililiona.

Kisha akanipa mgongo. Upande wa nyuma wa kichwa chake... hapana. Huo sitauandika.

Nilikimbia. Nilipofika chini ya taa ya barabarani ndipo nilipotambua kwamba kilio cha Tilly kimekatika. Nikainama. Uso wake ulikuwa mwekundu, machozi yanatiririka, kinywa wazi.

Analia. Bila sauti.

Niligonga kwa Bi Hilda kwa ngumi. Masikio yake yaliishia kiwandani, kwa hiyo nilipigapiga pia dirisha. Alifungua, akamwinamia Tilly huku anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Huyu tangu lini anajua kusema?"

"Bi Hilda, ana miezi saba!"

"Basi nani kamfundisha?" Alishika fremu ya mlango. "Ananiambia nizime."

Nikamweleza yote pale pale, nikimtazama usoni ili asome. Maktaba. Kicheko. Ronnie.

"Nilitaka kukusitiri," nikasema.

"Nani alikuomba? Mimi nilikuomba ufunge mdomo." Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. "Miaka yote hii nimebeba changu, mwanangu. Wewe umekwenda kumbebesha yeye. Marehemu! Amekufa kwa sababu yangu, halafu achekwe?"

Tulimpeleka Tilly kwa daktari. Akamtazama koo, akasema ni uvimbe, utapungua. Labda. Usiku kucha nilimtazama mwanangu akilia kimya, na sikuthubutu kumpa mgongo hata kuchota maji.

Asubuhi saa tatu tulikuwa mlangoni pa maktaba, mimi, Tilly, na Bi Hilda aliyevaa koti lake la mazishi. Gaynor alifungua, akashangaa.

"Jana nilidanganya," nikamwambia. "Washa."

Tulikaa, Bi Hilda akinielekea ng'ambo ya meza. Nikasema yote. Nani aliomba, nani aligeuka, pumzi mbili. Nilitaja jina la Bi Hilda lote, naye akawa anatikisa kichwa kukubali kila neno. Nikasema pia kwamba nilicheka.

Nilipomaliza, Tilly alikohoa. Kisha akalia, kwa sauti, sauti ya kukwaruza lakini yake. Nikamkumbatia hadi mikono ikaniuma.

"Bi Hilda, umeona? Analia!"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, ukutani, ambako hakukuwa na kiti wala mtu. Midomo yake ilikuwa inakwenda, polepole, bila sauti. Ikanyamaza, kama inayosubiri zamu. Ikajibu.

Gaynor aliinua macho, akatazama nyuma yangu, na kalamu ikamponyoka.

Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa. Lakini mgongo sikuweza tena kumpa mtu.

Nikamkumbatia mwanangu, nikageuka.