Meno ya Juu ya Zuena

Jua lilipozama siku ya tatu ya Ramadhani, Zuena binti Haidari alivua vifuniko vyake vya meno ili afuturu, akakuta ndani yake punje ya wali. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, na daku lake lilikuwa uji mtupu.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mshona sare za shule pale Kibiti, mtalaka asiye na mtoto. Tangu mama yake afariki alikula peke yake. Aliamini kwamba meno yake yaliyopandana ndiyo yaliyowafukuza watu, akataka yanyooshwe kwa vile vifuniko vya plastiki angavu.

"Shoga, na mvi hizo?" jirani yake Mwajabu alimcheka. "Anakuja kukuposa nani, simba wa porini kule Mkongo?"

Madaktari wa kuchagua walikuwa wawili. Wa kwanza, Dokta Mudathiri wa Dar es Salaam, alimpiga picha za taya, akamwambia bila kuficha: mwaka mmoja na nusu, na kila mwezi aende akakaguliwe. Wa pili alipanga chumba katika nyumba ya wageni palepale Kibiti, akajiita Ukasha. Jina la baba hakulitaja. Hakupiga picha. Alichukua umbo la meno kwa udongo wenye harufu ya matope ya mikoko, kisha akauliza kwa upole, "Ulipokuwa mchanga, yalitangulia ya juu au ya chini?"

 Mtoto aotaye meno ya juu kwanza huitwa kigego, na wazee wa zamani walimhesabu kuwa mkosi, si wa kwao. Mama yake Zuena alimficha binti yake ndani mpaka ya chini yalipoota, na alipokua akamwapisha asimwambie mtu. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake kwa sauti kama ile.

"Ya juu," alisema. Akamchagua huyo, na ndiye aliyempa vifuniko.

Siku ya nne ya mfungo, alasiri, cherehani ikiwa imesimama, alisikia mtu anatafuna, akaenda mlangoni, akaenda uani, na kila alikokwenda mtafunaji alikuwa naye, karibu kuliko sikio, hata alipogusa shavu lake akalikuta linacheza ilhali taya halijasogea, na harufu ya matope ikampanda puani, na sauti ndogo nyuma ya meno yake ikanong'ona, "Usinivue, dada. Tangu uzaliwe nakula peke yangu."

Alivitoa vifuniko kwa kucha, akakimbilia kwa Mwajabu. Wakaenda wote nyumba ya wageni. Mwenye nyumba akawashangaa: chumba kile hakijapata mpangaji tangu masika.

Mwajabu ndiye aliyemwita Mzee Twalha, mganga wa kitabu, kutoka Mbwara. Alisoma Yasini, akafukiza ubani, akavichoma vifuniko hata vikawa donge jeusi.

"Ulijitaja mwenyewe kuwa kigego, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa huyo aliyekuingia yuko nje, lakini hajaenda mbali. Siku saba usimkaribishe mtu chakula. Neno 'karibu' lisikutoke, hata kwa Mwajabu. Anangoja adabu yako. Ukimkaribisha, mimi simtoi tena."

Siku sita Zuena alifuturu mlango umefungwa. Mwajabu naye aliogopa, akaacha kupita.

Siku ya saba adhana ya magharibi ilikwisha, na majirani wakaanza kuitana: karibuni, karibuni jamani. Nyumba ya tatu walicheka. Kwake hakuna aliyepiga hodi. Alitazama muhogo wa nazi, bakuli moja, akauma tende, na meno yakamuuma, maana yalishaanza kurudi yalikokuwa. 

Kisha aliinuka, akaleta sahani ya pili, akaiweka ng'ambo ya mkeka.

"Karibu," alisema.

Mkeka ulibonyea taratibu. Zuena alitega sikio asikie bismillahi. Alisikia kutafuna tu.