Chumvi ya Machibya

"Nyuki Mbili, umemtia mkononi?"

"Nimemtia."

Verdiana, aliyeitwa Nyuki Mbili hewani, alirudisha redio yake ya Motorola kiunoni. Machibya, mfugaji wa Kasekese, alikuwa kifudifudi mavumbini, pingu mikononi. Wakwe walikaa pale pale uani. Walikuwa wameleta ng'ombe wa mahari ya binti yake, Nyamizi.

Waliona yote.

Tangu mwaka 1994 jasusi Verdiana alikuwa akiandika daftarini kila aliyenunua chumvi nyingi. Bunduki kutoka ng'ambo ya Ziwa zilisafirishwa chini ya nyama ya porini iliyokaushwa. Nyama hutaka chumvi. Akinunua mtu magunia, siku ya nne bunduki zinapita. Daftari lilijua kabla ya polisi.

"Magunia sita, Jumatatu. Ya nini?"

"Ya ng'ombe, mama! Chumvi ya mawe, wanalamba. Nyama ukiipaka mawe, si utamaliza meno?"

Verdiana akapasua gunia kwa kisu.

Mawe.

Miaka mitatu ameandika "chumvi" tu. Hakuuliza chumvi gani. Uso ukamwaka moto.

Mzee Lyamba, baba wa bwana harusi, akasimama. "Ng'ombe wangu hawalali kwa mtu wa pingu."

Akawaswaga, akaondoka nao.

Verdiana alimfungua Machibya bila kumtazama. Akafuta wafugaji wote daftarini. Likabaki jina moja: Felisiani wa Sibwesa. Chumvi ya unga, magunia saba, na hafugi hata kuku.

Leo ilikuwa siku yake ya nne tangu anunue. Treni ya Mpanda ingeondoka alasiri, na bunduki zingepotelea humo.

Land Rover iliruka makorongo. Isuzu ya Felisiani hiyo mbele!

Bastola yake ya Browning ikatema mara mbili. Tairi likapasuka, lori likalala mtaroni. Chini ya nyama ya nyati, bunduki za SMG arobaini.

"Dada, tuelewane," Felisiani alinong'ona.

"Lala chini."

Polisi wakamchukua. Redio ikakoroma. "Nyuki Mbili, hesabu zako kiboko!"

"Zilikosea, mkuu. Andika hivyo."

Akageuza gari. Alimkuta Lyamba njiani na ng'ombe wake. Verdiana akapiga magoti vumbini, mbele ya ukoo mzima.

"Baba, Machibya hana kosa. Mwizi ni mimi, nimemwibia heshima yake. Mungu anaona. Msimwache Nyamizi."

Mzee alimkodolea macho.

"Simama, mwanangu. Serikali ikipiga magoti, sie tukae wapi?" Akawapigia mluzi ng'ombe, wakageuka kuelekea Kasekese.

Verdiana hakujipangusa vumbi. Alivaa miwani yake myeusi ya Ray-Ban, ingawa jua lilikuwa limefunikwa na wingu, akatembea taratibu hadi garini.