Maiki Inayosikia Shibiri Moja

Siku ile ndani ya nyumba tulikuwa mimi, mume wangu Opiyo, rafiki yake Zaki, na binti yetu Lorraine ambaye hakuwa amefikisha hata mwaka. Hakukuwa na mtu mwingine. Nawataja mapema kwa sababu baadaye, tukiwa tumesimama nje kwenye jua, tulihesabiana tena na tena na hesabu haikubadilika.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, ulikuwa na kelele zake za kawaida. Zaki aliingia na mfuko begani, ndani yake maiki mbili. Kazi yake ni kukodisha spika kwenye harusi na maulidi. Yeye na Opiyo wamejuana tangu shule ya msingi, na alikuwa amekubali kumwazima zote mbili azijaribu kwanza, ndipo achague ya kununua ili kurekodi gitaa lake. Si kila mtu angefanya hivyo na vyombo vyake vya kazi.

"Shemeji, sasa," alinisalimu akivua viatu mlangoni. "Huyu bwana yako amenisumbua na habari za maiki kama mtu anayetafuta mke wa pili."

"Mke wa pili nimweke wapi?" Opiyo akajibu. "Hapa hata gitaa linalala chini ya kitanda."

Tulicheka. Nilihitaji kucheka, maana moyo wangu haukuwa umetulia.

Tangu tuhamie nyumba ile, Lorraine alikuwa na mafua yasiyoisha, na mwili wake ulikuwa unapungua. Wiki ile nesi wa kliniki alikuwa amemfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa. Aliniuliza kama namnyonyesha. Nikamwambia ananyonya mchana na usiku.

"Basi maji yake yanakwenda wapi, mama?"

Nesi alinishika bega, akaniambia nimpe maji ya chumvi na sukari, na nimrudishe Jumatatu. Asipokuwa na nafuu atalazwa. Tangu hapo nilikuwa namtazama mtoto wangu kila nikipumua.

Kwetu, mtoto mchanga akibanwa pua, mama humfyonza kamasi kwa mdomo wake na kutema. Ni kazi ya mama. Mwanamume akionekana akiifanya, wenzake watamcheka mpaka ahame mtaa. Lakini katika nyumba ile, mara nyingi nilipotoka kuoga asubuhi, Opiyo akiwa anajitayarisha kwenda soko la Gikomba anakotengeneza vitanda, nilimkuta Lorraine amekwisha kusafishwa. Pua kavu. Kidevu kimepanguswa. Hata nywele zake zilikuwa zimelazwa upande mmoja, zina umajimaji.

Nilijua ni Opiyo. Nani mwingine? Nilinyamaza nisimwaibishe, nikawa namwongezea nyama kwenye sahani.

Kitu kimoja tu kilinikera, nacho ni harufu. Uso wa mtoto ulikuwa ukinuka mate. Si mate ya mtoto, ambayo yana harufu ya maziwa. Haya yalinuka mdomo wa mtu mzima aliyelala mchana kutwa na mabaki ya samaki kwenye meno. Nilikuwa nikimwosha kwa sabuni na bado naisikia. Nilimnunulia Opiyo mswaki mpya, nikauweka bafuni bila kusema neno.

Basi, tulitundika blanketi kwenye kuta za chumba cha kulala ili sauti isirukeruke. Opiyo alihitaji nyimbo mbili za gitaa tupu, za kumtumia mwalimu wa kwaya kule mtaa wa Donholm. Kitanda kilijaza chumba, kwa hiyo aliketi ukingoni mwa kitanda. Nyuma yake, upande wa ukutani, Lorraine alikuwa amelala, nimemfunga leso mikono ikiwa ndani.

Maiki ya kwanza ilikuwa nene, ya kusimamishwa, ile ambayo watu wa mtandaoni huisifu kwa gitaa. Opiyo aliipenda hata kabla ya kuijaribu. Alipiga wimbo mzima, kisha tukasikiliza. Gitaa lilitoka vizuri, ila maiki ilikuwa imesikia mtaa wote: mama wa mboga, mfereji wa uani, kwaya ya nyumba za plot ya nyuma na jogoo wa mtu.

"Hii hapa Umoja itakurekodia albamu ya kuku," Zaki akasema. "Sikiza, buda. Chukua hii ya mkono, kama za wahubiri. Bei yake ni nusu, na ni kiziwi. Kitu kikipita shibiri moja, haikisikii."

"Wacha uongo."

Zaki akaiwasha, akaenda mlangoni, akapiga makofi na kuimba kwa sauti mbaya kweli. Kwenye kompyuta ya Opiyo mstari wa sauti haukutikisika. Opiyo akacheka akakubali. Zaki akaisogeza pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo lake, shibiri moja kutoka kwenye nyuzi, maana ukiielekeza kwenye tundu gitaa linavuma kama pipa.

Mimi nikaenda jikoni kukata sukuma wiki. Nilimsikia Opiyo akipiga ule wimbo wa pili, taratibu, na kwa kitambo kidogo nikasahau habari za kliniki.

Kisha gitaa likanyamaza. Wakawa wanasikiliza walichorekodi. Zaki akaniita, na sauti yake ilikuwa na kicheko.

"Shemeji, ulikuwa unakula embe karibu na maiki?"

"Mimi nilikuwa jikoni."

"Basi njoo usikie bwanako anavyojilamba akipiga gitaa."

Nikavaa hedifoni. Nyuzi zilikuwa safi kama maji. Chini yake kulikuwa na mdomo. Ulikuwa unafunguka na kufumba, umelowa. Ulimi ulipita juu ya midomo, polepole, kama wa mtu aliyesikia harufu ya chakula. Halafu ukameza. Halikuwa koo la mtoto. Lilikuwa koo pana, na mate yalishuka kwa kishindo.

"Si mimi," Opiyo akasema. Alikuwa amekunja uso. "Nilikuwa nimeuma meno. Mimi hupiga nikiwa nimeuma meno, si unajua?"

"Ni mtoto," Zaki akasema.

"Mtoto yuko ukutani," nikamwambia. "Wewe mwenyewe umesema haisikii mbali."

Zaki hakucheka tena. Alitazama ile nafasi kati ya maiki na gitaa. Ilikuwa nafasi ya kupitisha kichwa kimoja, basi. Opiyo naye akatazama mkono wake wa kupigia nyuzi. Akaunusa. Akaupangusa kwenye suruali, akaupangusa tena.

"Mkono unanuka," akasema. "Unanuka kama..." Akanigeukia. Akashusha sauti. "Mama Lorraine, usikasirike. Unanuka kama uso wa mtoto asubuhi, ukishamfyonza pua kwa mdomo wako. Nimekuwa nikiogopa kukwambia."

"Mimi?"

"Si huwa unamfyonza?"

"Ni wewe," nikanong'ona. "Mimi huwa nakuta tayari."

Opiyo alitikisa kichwa. Alikuwa anatikisa pole pole, akinitazama, na mimi nikaelewa kwamba ule wema haukuwa wake. Zile asubuhi zote. Nyama yote niliyompakulia.

Zaki alichomoa maiki kwenye stendi. Akapanda kitandani kwa magoti. Akailaza kwenye mto, karibu na uso wa Lorraine. Akavaa hedifoni.

Nikaona midomo ya Zaki ikikauka. Alivua hedifoni akanipa.

Nilifumba macho, nikasikia mwanangu akipumua. Pumzi ndogo, zenye kukoroma kwa mafua. Nilizijua.

Juu yake kulikuwa na mtu anayefyonza.

Alifyonza, akapumzika, akameza. Akafyonza tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayevuta uboho kwenye mfupa, hana haraka, anajua hakuna atakayemnyang'anya. Nikafungua macho. Kitandani kulikuwa na mtoto peke yake. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Kisha nikaona pua yake.

Kamasi ilikuwa imetoka, nzito, ya kijani. Haikushuka. Ilipanda. Ilinyooka juu kama uzi, ikawa nyembamba, ikatikisika kidogo hewani. Ule uzi ukawa unaishia juu, mahali pasipokuwa na kitu. Ukafupika. Ukaisha.

Masikioni mwangu ile sauti ikameza.

Halafu ikasogea. Nilisikia ulimi ukigusa wavu wa maiki. Ulikuwa mnene. Ukaulamba wavu mara moja, kwa utaratibu, kutoka chini hadi juu.

Nilimnyakua Lorraine. Sijui nilipitaje kati ya wanaume wale wawili. Uso wake ulikuwa baridi, umelowa, na mkono wangu uliteleza shavuni mwake. Hakulia. Nilikimbia naye bila viatu hadi kwa Mishi, jirani wa mlango wa pili, mama wa kutoka Lamu ambaye tangu tuhamie alikuwa akinipa uji wa mtama bila kuombwa.

Mishi hakuuliza. Alimpokea mtoto, akamnusa, akageuza uso upande. Akachemsha maji akatia chumvi, akamwosha kichwani hadi vidoleni, akisoma dua kwa sauti ya chini. Alibadilisha maji mara kwa mara. Yale ya kwanza yalikuwa na utelezi kama ya bamia, yalikataa kumwagika kutoka kwenye beseni, yakatoka kwa pamoja kama kipande kimoja. Mishi alitapika mlangoni, akasukutua, akarudi kuendelea. Wema ule sitausahau.

"Mwanangu," aliniambia alipomfunga Lorraine kwenye leso yake mwenyewe, "yule mama aliyepanga kabla yako alikuja siku moja kunishukuru. Alisema ahsante kwa kumpangusa mtoto wake anapolala. Nikadhani amenifananisha. Mimi sijawahi kuingia chumba kile."

"Mtoto wake yuko wapi?"

Mishi alinyoosha leso magotini. "Walimzika kwao. Hospitali walisema ni kukaukiwa na maji mwilini."

Uani, Zaki alikuwa ameketi juu ya ndoo, amefungua kichwa cha ile maiki. Ndani ya wavu kuna sponji ndogo ya kuzuia upepo. Aliishika kwa vidole viwili, akaikamua. Mate yalitoka. Yalitoka mengi kuliko sponji ile inavyoweza kubeba, yakaning'inia kwenye vidole vyake, na nzi wakaja. Opiyo alisimama karibu naye ameushika mkono wake mbali na mwili, kama mkono wa mtu mwingine.

"Usinilipe chochote," Zaki alimwambia. "Hii naizika."

Hatukulala pale. Mishi alitutandikia mkeka sebuleni kwake, na kesho yake Opiyo na Zaki wakatoa vyombo jua likiwa juu, mlango wazi. Kitanda tulikiacha. Jumatatu nilimrudisha Lorraine kliniki. Nesi alimfinya tumbo, ngozi ikarudi taratibu. Hakulazwa.

Sasa tunaishi Donholm, na binti yangu anatembea. Opiyo hakununua maiki yoyote. Alirekodi zile nyimbo mbili kwa simu yake juu ya paa, nguo zilizoanikwa zikimzunguka, na mwalimu wa kwaya akazipokea hivyo hivyo, na jogoo ndani yake.

Mwezi mmoja baada ya sisi kuhama nilisikia nyumba ile imepata mpangaji, mama mwenye mtoto wa kunyonya. Nilienda siku hiyo hiyo nikamweleza kila kitu, hata yale ya aibu. Alinisikiliza akimshika mtoto wake kifuani, hakunicheka. Jioni alikuwa amehama.

Mwenye nyumba ameifanya stoo ya viti vya plastiki vya kukodisha kwenye matanga na harusi. Mishi anasema viti huingia humo vikiwa na vumbi, na hutoka vikiwa safi, vimelowa.