Pembe Kubwa ya Baruti

Enzi hizo pembe za ndovu zilikuwa zikiteremka pwani juu ya mabega ya watu, na baruti ikipanda bara kwa njia ileile, mara nyingi kwa mabega yaleyale. Mtemi asiye na bunduki alikuwa mtemi wa kuazima. Leo yupo, kesho kiti kina mwenyewe. Ndiyo maana katika boma la Isumba, huko Unyamwezi, baada ya Mtemi Ngalula mwenyewe hapakuwa na mtu aliyeinamiwa kama Kafuku, mtunza bunduki.

Kafuku alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye masambo, bangili nyembamba za shaba, miguuni na ngozi ya mbweha begani. Bunduki yoyote iliyoingia Isumba ilipakwa unga wa mtama, ikalazwa mbele ya ngoma kuu, naye akaitamkia aina yake. Kazi hiyo haikuwa ya mdomo mtupu. Katika nyumba ya bunduki palikuwa na vigingi vitatu, na juu ya kila kigingi pembe ya kupimia baruti. Pembe ya mbuzi ililisha bunduki za fataki, zile za kulipuliwa kwa kikofia kidogo cha baruti. Pembe ya swala ililisha gumegume, zile za kupiga jiwe. Na pembe ya ng'ombe, kubwa kuliko zote, ililisha bunduki za ndovu, ambazo mitutu yake ni minene kama mchi. Bunduki ilikula kwa jina lake. Ukiipa jina dogo, risasi itaanguka miguuni pako. Ukiipa jina kubwa, mtutu utapasuka na kuondoka na uso wako.

Na jina likishatamkwa mbele ya ngoma halirudi. Mtunza bunduki akilirudisha, basi hukabidhi ngozi yake ya mbweha kwa huyo aliyemsahihisha, naye akalime kama watu wengine.

Siku moja ukaingia msafara kutoka Mrima, huko pwani, na ndani yake alikuwamo fundi mmoja aitwaye Haidari, mtu mfupi, mcheshi, mwenye kanzu iliyopigwa viraka vizuri kuliko nguo mpya. Alileta bunduki kumi, Mtemi akazinunua kwa pembe za ndovu. Zikapakwa unga, zikalazwa. Kafuku akazizunguka. Zilikuwa nzito, zimevikwa mti tangu kitako hadi karibu na mdomo, zimenenepa kama wake wa tajiri.

"Ndovu," akatamka. Ngoma ikapigwa.

"La, ndugu yangu," akasema Haidari, bado anafuta jasho la njia. "Hizi ni fataki. Za askari wa Ulaya, zimestaafu. Unene huo ni mti. Ukiuvua mti utakuta mtutu mwembamba kama shingo ya kibuyu."

Watu wakatazama chini. Hakuna aliyewahi kusema "la" baada ya ngoma.

"Mgeni umechoka," akasema Kafuku. "Jua la mbuga huwafanya watu waone fataki."

"Na kivuli cha nyumbani huwafanya waone ndovu. Tazama hapa, mtunza bunduki. Hiki ni kifa, hapa ndipo fataki inapovalishwa."

"Hilo ni sikio."

"Sikio la nani? Bunduki ina kifa, ina mtambo, ina mdeki wa kushindilia. Masikio anayo punda."

Mtemi Ngalula akacheka. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye kicheko cha taratibu, kinachoanza tumboni; na Kafuku alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu Mtemi arithi kiti kwa mjomba wake. Kikamwingia kama mwiba unaovunjikia ndani.

"Jina limetamkwa," akasema Mtemi. "Lakini wewe fundi, kaa nasi kidogo. Unanichekesha."

Kuzijaribu haikuwezekana. Kwa mila ya Isumba, bunduki mpya haikulishwa ila vitani. Kuilisha bure ni kuifundisha uvivu. Kwa hiyo zile kumi zikatundikwa zikiwa na njaa, na ugomvi ukabaki wazi.

Boma likagawanyika. Penye pombe, penye kisima, hata mashambani, ilikuwa fataki au ndovu. Watu ambao hawajagusa bunduki maisha yao walibishana juu ya kifa na sikio mpaka mitungi ikavunjwa. Mume mmoja akanyimwa ugali kwa kuwa upande wa Haidari. Wale wawili wenyewe walikuwa wabaya zaidi. Haidari aliita bunduki ya kale ya babu wa Mtemi gumegume, na Kafuku akamrukia mbele ya watu: hiyo ilizaliwa ya mrao, ya kuwashwa kwa utambi, jiwe lilibandikwa uzeeni. Haidari akaitazama na kukubali, akicheka. Hata huko kukubali kwake kulimuudhi Kafuku. Mtu anawezaje kushindwa na bado akala vizuri?

Maana Haidari alikula vizuri. Kibuyu cha pombe, ambacho kilikuwa kikitoka kwa Mtemi kwenda kwa Kafuku, sasa kilipitia kwanza mkononi mwa fundi. Kigoda chake kikasogea. Wasemao "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakuwahi kukaa karibu na mtemi.

Lakini lililomchoma kabisa lilikuwa la ndugu yake. Shigela, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa mwindaji wa ndovu, na miongoni mwa bunduki za ndovu za kweli za boma lile, iliyo bora ilikuwa yake. Kafuku ndiye aliyemfundisha kulenga. Siku moja akamkuta ameketi na Haidari nje ya kibanda cha mgeni.

"Nina umri sasa," Shigela alikuwa akisema. "Nikilenga mbali naogopa jicho linanidanganya."

Haidari akamfanya ataje rangi za mbuzi waliokuwa malishoni ng'ambo ya bonde, mmoja mmoja. "Jicho lako ni la tai," akasema mwishowe. "Risasi yako ikianguka, laumu kitu kingine."

Kafuku akapita kama hakuwaona. Ndugu yake hakuwahi kumuuliza yeye habari ya jicho.

Masika yalipokwisha, habari zikaja kwamba Kilasa, mtemi wa upande wa magharibi, anakuja na ruga-ruga wake, wapiganaji wa manyoya kichwani na nguo nyekundu, kuchukua njia ya misafara. Huko Isumba magogo yakakatwa, handaki likachimbuliwa, ua wa minyaa ukazibwa. Kafuku akaingia nyumba ya bunduki mchana wa jua kali, watu wote wakiwa kwenye handaki, kuzisafisha zile kumi.

Akatia kidole mdomoni mwa ya kwanza, akapapasa ukingo wake chini ya mti. Ulikuwa mwembamba kama shingo ya kibuyu.

Akapapasa ya pili. Akapapasa zote, ingawa moja ilitosha. Kisha akakaa chini.

Akisema, vijana watapona, na ngozi ya mbweha itakwenda kwa mtu wa kanzu ya viraka. Atakaa hapa, chini ya vigingi hivi. Mtemi atacheka kila siku. Asiposema, vijana kumi watapasukiwa usoni mbele ya lango. Kafuku hakuwa muuaji. Alikuwa mtu mwenye wivu, na mwenye wivu hutafuta njia ya tatu.

Baruti ilipimwa hadharani, mbele ya Mtemi, pembe ikijazwa na kusawazishwa kwa kisu. Hapakuwa na namna ya kupunja. Lakini hakuna aliyechungulia ndani ya pembe hadi chini. Akachukua donge la nta ya nyuki iliyokuwa ikitumika kupaka kamba, akalilainisha juani, akalishindilia ndani ya ile pembe ya ng'ombe mpaka ikawa haichukui zaidi ya pembe ya mbuzi. Jina likabaki kubwa. Chakula kikawa kidogo.

Likamjia wazo la bunduki za ndovu za kweli, ambazo nazo zilikula pembe hiyohiyo. Akalisukuma. Adui atakuja karibu, alijiambia. Langoni hata jiwe la kutupa linafika.

Siku ya kupima, Haidari alisimama mbele ya Mtemi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mtemi, nakuomba. Pembe ya mbuzi. Hizi zitapasuka."

"Fundi wa maneno anaogopa bidhaa yake," akasema Kafuku, na watu wakacheka.

Mtemi hakucheka. Alitazama ngoma, akatazama wazee. "Siwezi kulirudisha jina," akasema. "Ni yeye tu awezaye. Kafuku?"

"Ndovu," akasema Kafuku.

Haidari akazitazama zile kumi. Kisha akanyoosha mkono. "Basi nipeni moja. Mimi ndiye niliyezileta. Watoto wa watu hawatakufa kwa mali yangu, nami nimekaa na kibuyu."

Wakampa. Akaipokea kama mtu anayepokea nyoka, akaenda kusimama langoni na wale vijana. Kafuku angeweza kumnong'oneza neno moja. Badala yake alimtazama mgongo, akaona wivu mpya unamwotea juu ya ule wa zamani: hata ujasiri huyu mtu anao.

Kilasa akaja. Ruga-ruga wake wakatoka msituni wakiimba, wekundu kama siafu, wakalikimbilia lango. Haidari akageuza uso pembeni, akafumba macho, akafyatua. Bunduki ikanguruma na kubaki nzima. Akaifumbua mikono yake, akaitazama, kama mtu aliyeamshwa kwenye jeneza. Zote kumi zikanguruma. Mstari wa mbele ukaanguka handakini, na vijana wakapiga kelele: "Ndovu! Ndovu!"

Lakini Kilasa mwenyewe hakuja karibu. Aliweka kigoda chake ng'ambo ya shamba la mtama, chini ya mwavuli mwekundu, akawa anakula karanga na kuwatuma watu wake upya kila waliporudi. Kumfikia huko ilikuwa kazi ya bunduki ya ndovu. Shigela, juu ya jukwaa la miti, akalenga, akafyatua. Risasi ikatimua vumbi katikati ya shamba. Akafyatua tena. Vumbi palepale. Kilasa akainua karanga kama anayemkaribisha.

Shigela akateremka. Uso wake ulikuwa umezeeka. "Kaka, haifiki. Bunduki imechoka. Au ni jicho."

Watu walikuwa wamewazunguka, na Mtemi alikuwa hatua chache kutoka hapo. Neno lilikuwa limekaa ulimini mwa Kafuku. Ongeza baruti, si jicho lako. Lakini atakayeambiwa aongeze atauliza kwa nini.

"Pumzika," akasema Kafuku. "Tutawachosha."

"Fundi aliniambia jicho ni la tai," akasema Shigela, akatabasamu vibaya. "Wageni hupenda kusema mema."

Akatoka. Alipenya tundu la ua, akatambaa ndani ya mtama na bunduki yake mgongoni, akakaribia mpaka risasi yoyote ingetosha. Waliokuwa juu ya jukwaa waliona mwavuli ukilala ubavu. Kilasa hakuinuka. Waliona pia mikuki ikishuka ndani ya mtama, mahali moshi ulipotokea. Mtemi wao alipokufa ruga-ruga wakavunjika, wakarudi msituni bila wimbo.

Isumba ikasherehekea na kulia siku moja. Mbele ya ngoma kuu Mtemi akamvika Kafuku ngozi ya chui juu ya ile ya mbweha. Zile kumi zimekula pembe ya ng'ombe, hazikupasuka. Nani tena wa kubisha? Watoto wakamfuata Haidari wakiimba, "Fataki, fataki, imeingia wapi?" Mtemi hakumtazama. Kigoda chake kikaondolewa.

Asubuhi ya kuondoka Haidari aliingia nyumba ya bunduki kuchukua vyombo vyake. Kafuku alikuwamo. Fundi akaiondoa pembe ya ng'ombe kigingini, kwa tabia tu ya mikono isiyoweza kuacha vitu, akaipima uzito kiganjani. Akatia kidole ndani, akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

Kafuku alingoja. Nje palikuwa na watu. Neno moja lingetosha.

Haidari akairudisha pembe mahali pake, akainyoosha isining'inie upande.

"Nilimwambia ndugu yako jicho lake ni zima," akasema. "Alikufa akidhani nilimwongopea."

Akabeba vyombo vyake, akatoka katikati ya wimbo wa watoto, wala hakuwageukia. Kafuku akasimama mlangoni na ngozi zake mbili, akimtazama akiishika njia ya Mrima akiwa hana chochote. Na angeulizwa wakati huo, kwa kiapo, ni nani katika dunia ambaye yeye anamwonea wivu, angemtaja huyohuyo.

Historia haikuokota mengi. Wapiga ngoma wa Isumba waliimba kwamba Kafuku alizijua bunduki kwa kuzitazama, na kwamba Shigela alimuua Kilasa kwa mkono wake, na hayo mawili si uongo. Waliimba pia habari ya nyuki. Kwa maana kila kiangazi, nyumba ya bunduki ilipopata joto, nyuki waliingia na kuizunguka ile pembe ya ng'ombe, wakikaa juu ya mdomo wake kama juu ya ua. Watu waliichukua kuwa baraka. Mkongojo mkononi, Kafuku alishinda hapo mchana kutwa akiwafukuza kwa usinga, na hakuna aliyeelewa kwa nini mzee anagombana na baraka yake mwenyewe.