Kompyuta Iliyopambwa kwa Wageni

Kila neno la hapa ni kweli tupu, wallahi, na anayebisha aje kijijini kwetu Quitunda nimwapie tena mbele ya majirani. Mimi ni Issufo, mstaafu wa bandari ya Mocímboa da Praia, niliyewahi kuinua kreni kwa bega moja. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe.

Kila siku baada ya masomo, mjukuu wangu Wahida, wa darasa la sita, alifagia uwanja, akanawa mikono, akakaa mbele ya kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux. Ilikuwa mali ya shule, lakini mlango wa darasa haukuwa na kufuli, kwa hiyo ililala kwetu. Diretor, mkuu wa shule, alikuwa amesema wazi: siku ya wazazi, wanafunzi waonyeshe gazeti lao la darasa kwenye kompyuta hiyo. Ikishindwa, itapelekwa shule moja ya Pundanhar.

Wahida alijaribu mazingira matatu, yaani ile sura ya mbele yenye menyu na madirisha. Mawili yalipendeza, ila mashine ilihangaika. Akachagua LXDE, ya kijivu na nyepesi.

"Mbona imepauka hivyo?" nikamuuliza. "Kama kuta za nyumba hizi za bloko."

"Kumbukumbu yake ndogo, babu. Ukiijaza mapambo, nguvu zote zinaishia kwenye mapambo. Gazeti halifunguki."

Senha, yaani neno la siri la kuifungulia, aliniambia mimi peke yangu, nimsaidie siku akiumwa.

Sasa, tangu habari ya gesi ya baharini ije na sisi tuhamishiwe kijiji hiki, wageni hawaishi kuja. Na kwetu mgeni hakaribishwi kwenye kitanda kisichotandikwa. Asubuhi ya siku ya wazazi, Wahida akiwa bombani, nikaandika senha na kuchagua mojawapo ya yale mazingira mazito, yenye madirisha yanayopepea kama khanga kwenye kamba. Nikaizima. Sikumwambia. Nilitaka ashangae.

Darasani wazazi walijaa. Wahida akaiwasha. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka. Alipobofya gazeti, kioo kikaganda.

"Si alisema yeye ndiye fundi?" akasema Hamido, mwanafunzi mwenzake, kwa mnong'ono uliosikika hadi mlangoni. "Kaiua. Wasalimie Pundanhar."

Watoto wakacheka. Diretor akatazama saa yake.

"Chumvi ya bahari," nikasema haraka. "Imeingia ndani. Hata kreni zetu zilikuwa hivyo."

Wahida akaizima, akaiwasha upya, na pale pa kuandika senha akaona jina la mazingira ambayo hakuyachagua. Akanigeukia polepole.

"Babu, senha nilikupa wewe tu."

"Nilitaka ipendeze kwa wageni, mama."

"Na waliponicheka? Ulijua, ukawaacha wanicheke. Ukaleta habari za chumvi."

Nikainamisha kichwa. Yeye akarudisha LXDE, na gazeti likafunguka papo hapo. Mwenzake Chamima akasoma habari ya kwanza, wazazi wakapiga makofi, diretor akasema kompyuta ibaki. Wahida peke yake hakutabasamu.

Professora Otília, mwalimu wao aliyeletwa kwetu kutoka Beira, akasimama mbele. "Watoto, chombo chenye nguvu ndogo kipe mzigo mdogo, kitakutumikia. Wahida alilijua hilo. Na mtu akikuamini kwa siri yake, usiitumie bila kumuuliza. Ukikosea, sema upesi, kabla mwenzako hajabeba lawama yako. Hili ni la watoto na la wazee pia."

Nyumbani Wahida alibadilisha senha, mgongo kanigeuzia.

"Nikulipe nini, mjukuu wangu?"

"Upite nyumba za wote waliokuwepo. Useme aliyeibadilisha ni nani."

Tukatoka, yeye nyuma yangu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya akina Hamido. Nikapiga hodi, wakatoka wote barazani.

"Jamani," nikaanza, "leo alfajiri jini la baharini lilipita kwangu—"

Wahida akakohoa.

"Ni mimi," nikasema. "Wahida hakuharibu kitu."

Hamido akamwomba radhi. Nami nikanyoosha mkono ili mjukuu wangu anishike, kama tulivyozoea. Alikuwa ameshatangulia nyumba ya pili.